Tunza mkononi mwa mtoto: kisa cha darasa la fidla Ng'ambo

Kisa hiki ni cha darasa la fidla la watoto katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, na onyesho lao la kwanza mbele ya majirani. Muziki ulikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Kilichowagombanisha watu ni tunza, yaani noti za pesa ambazo wasikilizaji humpa mwimbaji. Majina, mtaa na mwaka vimeondolewa, na mambo mawili matatu yasiyogusa kiini yamegeuzwa ili mtu asijulikane. Mimi ni mpigaji fidla wa taarab; niliitwa na wazee wa watoto baada ya onyesho lile, nikazungumza na kila upande, nikakaa na darasa mpaka mambo yalipotulia. Nimekiandika kwa walimu wa muziki, hasa waliosomea darasani na sasa wanataka kuwatoa watoto hadharani.

Usuli

Fidla si mgeni Unguja. Tangu enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888 na ambaye husimuliwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni (ala ya nyuzi nyingi), taarab imesimama juu ya ala za nyuzi. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, na kadiri makundi yalivyokua, safu ya fidla ndiyo iliyobeba sauti ya wimbo. Kwenye kidumbak, taarab ya kikundi kidogo cha mtaani, mambo ni mepesi zaidi: fidla moja inachukua wimbo wote, nyuma yake sanduku (besi ya uzi), vidumbak viwili (ngoma ndogo), cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti), na watu wanacheza mpaka jasho liwatoke.

Zamani mtoto aliyetaka fidla alijipenyeza nyuma ya wakubwa wakati wa mazoezi ya klabu, akasikiliza, akagusishwa upinde siku mtu akiwa na moyo mzuri. DCMA (Dhow Countries Music Academy, skuli ya muziki) ilipofunguliwa mjini 2002, njia ya pili ikapatikana: somo la darasani, alama za muziki karatasini, vyeti. Mwalimu wa kisa hiki alikuwa kijana aliyepita njia hiyo ya pili. Anajua kusoma alama, ana subira na watoto, na mkono wake wa upinde ni mzuri. Harusi za usiku hakuzipiga nyingi, na hilo lina uzito katika yaliyofuata.

Darasa lilikuwa na watoto 12, wa miaka 8 hadi 13, wasichana wakiwa wengi. Wanane walipiga fidla, wanne tari na dumbak. Lilikutana uani kwa bibi mmoja mwenye nyumba kubwa, siku ambazo chuo kimefungwa, maana mtoto wa mjini hana nafasi: skuli kwa zamu, chuo cha Kurani, kisha kutumwa dukani. Wazee walikubali kwa masharti yao. Adhana ikilia, kila kitu kinanyamaza. Ramadhani hakuna somo. Hakuna kupiga usiku. Babu mmoja alimruhusu mjukuu wake kwa shingo upande, akasema wazi kwamba kujifunza ni sawa lakini pesa ya ngoma hataki iingie nyumbani kwake. Hakuna aliyelichukulia neno hilo kwa uzito wakati ule, kwa kuwa pesa yenyewe haikuwepo.

Jambo la mwisho la usuli ni nyuzi. Fidla za darasa zilikuwa za kupewa, za saizi mchanganyiko, nyingi nusu na robo tatu. Saizi ya mtoto hupimwa kwa kumnyoosha mkono wa kushoto chini ya fidla: kichwa chake kinapaswa kukaa kwenye kiganja bila kiwiko kukakamaa. Watoto hukua na mikono hurefuka, kwa hiyo fidla zinabadilishana mikono kila mara. Hewa yetu nayo haina huruma. Wakati wa masika mbao huvimba na vigingi vya kukazia nyuzi hukwama. Kaskazi ikivuma na jua likikaza, vigingi vinateleza na gundi ya viungo huachia. Uzi mwembamba, ule wa mi, hukatika mara kwa mara, na nyuzi za fidla ya nusu hazipatikani madukani hapa kwa urahisi. Hutegemea msafiri anayekuja. Mwalimu alikuwa akizinunua kwa mfuko wake. Kwa hiyo pesa ilipoonekana, yeye tayari alikuwa na mahali pa kuipeleka kichwani mwake.

Wimbo uliochaguliwa

Onyesho lilipangwa Idd tatu, yaani siku ya tatu ya Idd el-Fitri, alasiri, uani hapohapo. Mwalimu alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupiga vipande vya mwaka wa kwanza vya Kizungu ambavyo watoto walivijua kwa alama. Ya pili ni wimbo wa zamani wa taarab ambao kila mama wa mtaa anaujua. Akachagua wa pili, na ninaamini alichagua vizuri: jirani akisikia wimbo anaoujua ndipo anaposikia kwamba mtoto amejifunza kitu.

Wimbo ulikuwa wa Bayati, moja ya makamu (mipangilio ya sauti) za Kiarabu. Kwa darasa lililozoea utepe wa kubandika kwenye shingo ya fidla kuonyesha pa kukanyaga, Bayati ni mtihani. Ukianzia re, mi yake haiko pale utepe ulipo, wala haiko kwenye mi bemoli, ile iliyoshushwa. Inakaa katikati, na kidole cha kwanza lazima kirudi nyuma kidogo kikatafute chenyewe. Mwalimu aliubandua ule utepe wa kwanza kwenye fidla zote. Kwa siku kadhaa darasa likawa kama soko la kuku. Kisha bibi mwenye nyumba akaanza kuwaimbia mstari mmojammoja huku anamenya viazi, watoto wakaurudia kwa fidla, akawakatalia kwa kichwa mpaka wakaipata. Fidla haina vizuizi shingoni kama gitaa, ndiyo maana imeweza kuishi na makamu za Kiarabu, na ndiyo maana sikio la bibi lilifanya kazi ambayo utepe usingeiweza.

Watoto hawakuimba maneno. Walipiga sauti tu. Hapa pana jambo ambalo mwalimu hakulijua: maneno ya wimbo ule ni fumbo kwa hasidi, na mtaani pale uliwahi kutumika kwenye ugomvi wa majirani wawili ambao bado hawajapatana. Bibi alijua. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakusema, alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Alasiri ya Idd tatu

Majamvi yalitandikwa, wanawake na watoto wadogo mbele, wanaume wamesimama mlangoni na barazani. Watoto walivaa nguo za sikukuu. Walianza na kipande kifupi cha mapigo, kisha wakaingia kwenye wimbo.

Mpangilio ulikuwa hivi: binti wa miaka 10, aliyekuwa na sauti safi kuliko wote, apige ubeti mzima peke yake, wenzake waingie kwenye kiitikio. Alipofika mstari wa pili, uwanja uliutambua wimbo. Vigelegele vikapanda. Mama mmoja akainuka na noti ya 2,000 ameishika juu, anacheza polepole kuelekea mbele, kama inavyofanywa kwa mwimbaji.

Mwimbaji anaipokea noti huku anaendelea kuimba; mkono wake mmoja haukosi kuwa huru. Mpigaji fidla hana mkono wa ziada. Binti alimwona mtu mzima amesimama mbele yake anampa kitu, akafanya kile alichofundishwa tangu anajua kutambaa: alishusha upinde, akaibana fidla kwapani, akapokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Wimbo ukakatika. Wenzake waliokuwa wakisubiri kiitikio hawakujua waingie au wasiingie. Dumbak likaendelea peke yake.

Mwalimu aliona kuwa onyesho limeharibika. Akasema kwa sauti, "Endeleeni!" Wanawake hawakuona kitu kilichoharibika, kwao shughuli ndiyo kwanza inanoga. Binti alianza tena, na mama wa pili akainuka, wa tatu akafuata. Huyu wa tatu alimpa mtoto noti bila kumtazama mtoto. Alikuwa amegeuza uso kumtazama jirani yake aliyekaa upande wa pili wa jamvi. Kila mkubwa pale alielewa. Yule jirani naye akainuka na noti ya 10,000, akaipepea juu, akaipachika kwenye mtandio wa binti karibu na shingo. Yule wa tatu akarudi. Wakapokezana hivyo mara kadhaa, na mtoto katikati, anajaribu kupiga fidla huku noti zinamteleza begani.

Wimbo ulipokwisha, binti alikuwa na karibu shilingi 60,000. Mvulana wa fidla ya pili alipata 1,000. Wengine kumi hawakupata kitu.

Jioni hiyohiyo zilizuka kauli nne. Mama wa binti alisema pesa ni ya mwanawe, kwa kuwa tunza hupewa mtu na haipewi darasa. Mama wa msichana mwingine wa fidla akasema mwanawe alifanya mazoezi miezi ileile na hakupewa ubeti wa peke yake kwa uamuzi wa mwalimu tu. Mwalimu akasema pesa zinunue nyuzi. Babu akamchukua mjukuu wake mkono akaondoka naye, bila kugombana na mtu. Wakati huohuo video ilikuwa imeshaanza kuzunguka kwenye simu, na siku iliyofuata mtu alimpigia mama wa binti kuuliza kama mtoto anaweza kuja kupiga peke yake kwenye harusi ya usiku nje ya mji, kwa malipo.

Somo lililofuata, watoto wanne hawakuja.

Uamuzi wa kwanza: kupiga marufuku

Mwalimu aliamua kwamba onyesho lijalo halitakuwa na tunza kabisa. Sababu zake zilikuwa na mantiki. Pesa inamkatisha mtoto, inazaa wivu, na inawafanya wazee wamwone mtoto kama chanzo cha kipato. Alitaja pia Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inayomkinga mtoto na kazi za unyonyaji, ingawa kwa maoni yangu noti ya jirani siku ya Idd iko mbali na jambo hilo, na harusi ya usiku ya kulipwa iko karibu nalo zaidi. Mwalimu aliyachanganya mambo hayo mawili.

Onyesho la pili lilikuwa shughuli ya mchana ya jirani, watu takriban walewale. Kabla ya kuanza, mwalimu alisimama akaomba kwa heshima watazamaji wasitunze na wakae wasikilize, wapige makofi mwisho. Wakakaa. Watoto walipiga kwa usahihi, bila kukatika, na uwanja ulikuwa baridi. Hakuna aliyeinuka, vigelegele vilikuwa vichache, makofi yalikuja mwisho kama yalivyoombwa. Msichana mmoja wa miaka 9 alimwuliza mwalimu njiani kama walikosea Bayati.

Na tunza haikuondoka. Mama mmoja mtu mzima alimwita binti jikoni baada ya onyesho akamtia noti mkononi, "ya pipi". Wa pili akamtumia mama yake kwa simu. Marufuku ilikuwa imehamisha pesa kutoka mbele ya watu, ambako kila mmoja anaona, hadi mahali ambako hakuna anayeona. Wivu ukazidi, maana sasa kila mzazi alikuwa akikisia.

Uamuzi wa pili: sinia, daftari na zoezi

Hapo ndipo nilipoitwa. Kikao kilikuwa kwa bibi, baada ya sala ya isha, wazee wa watoto karibu wote na mwalimu. Nilieleza nilichokiona kwenye kikundi nilichokulia: tunza ilikuwa ikitoka mkononi mwa mwimbaji na kuingia kwenye kapu kabla ubeti haujaisha, na mgao ulikuwa jambo la kikundi baada ya shughuli. Sikusema kwamba kila kundi linafanya hivyo. Nilisema inawezekana, na kwamba mtunzaji hachukii, kwa kuwa yeye kilicho muhimu kwake ni kuinuka na kuonekana.

Yaliyokubaliwa, baada ya mabishano marefu:

Sinia liwekwe juu ya kigoda mbele ya watoto, na bibi mwenye nyumba akae kando yake. Anayetaka kutunza aje acheze, apepee noti yake atakavyo, aitie kwenye sinia. Hakuna pesa inayogusa mwili wa mtoto wala fidla. Bibi alichaguliwa kwa sababu hakuna mwanamke mtaani pale anayethubutu kumpita.

Pesa ihesabiwe palepale mbele ya wazee wawili na iandikwe kwenye daftari. Nusu iende kwenye nyuzi, rosini na matengenezo. Nusu igawiwe sawa kwa kila mtoto aliyepiga, wa tari na dumbak wakiwemo, kupitia wazee wao.

Pesa ya Idd tatu isiguswe. Mwalimu alitaka irudishwe. Nilipinga: ilitolewa kwa desturi ya siku ile, mbele ya watu, kwa jina la mtoto. Kuirudisha kungemdhalilisha mama wa binti mbele ya mtaa na angeondoka, na binti naye.

Babu alikubali mjukuu wake arudi, akakataa fungu lake. Alisema lisihesabiwe kabisa. Lisichangie nyuzi wala kupewa mtu kwa niaba yake. Hesabu ikawa ya watoto 11. Kuna waliotaka kumshawishi. Sikuona sababu, mtu ameeleza mpaka wake tangu siku ya kwanza, na mpaka huo haumzuii mtoto kujifunza.

Kuhusu harusi ya usiku, jibu lilikuwa hapana, na likawa kanuni: hakuna mtoto anayeitwa peke yake. Likiitwa darasa, linakwenda darasa, mchana, na wakubwa wawili.

Mwalimu naye alileta jambo ambalo naliona bora kuliko sinia lenyewe. Alilifanya kuwa somo. Kila mwisho wa kipindi, watoto wawili waliacha fidla wakawa akina mama: wakachukua vipande vya karatasi, wakavipepea, wakaja wanacheza mpaka usoni kwa mwenzao, wakapiga vigelegele masikioni mwake. Kazi ya anayepiga ilikuwa kuendeleza upinde, kumtazama mpigaji wa fidla ya kwanza badala ya karatasi, na kutikisa kichwa kidogo kwa shukurani. Akisimamisha upinde, anabadilishana na yule mama. Watoto walilipenda zoezi hili kuliko lolote. Walivumbua akina mama wa kila aina, wengine wana mbwembwe ambazo wazee wao waliocheka kutoka dirishani walizitambua.

Kutikisa kichwa kulihitaji ruhusa. Mtoto wa Kiunguja asiyepokea kwa mikono miwili anaonekana hana adabu, na aibu inakwenda kwa mama yake. Kwa hiyo bibi aliwatangazia watu kabla ya onyesho: "Wanangu mikono yao ina kazi. Wakikuitikieni kwa kichwa, wameshakushukuruni."

Matokeo

Onyesho la tatu lilikuwa mchana, uani kwa jirani mwingine, kwa wimbo mwingine. Safari hii mwalimu alikwenda kwa wanawake wakubwa watatu, mmoja baada ya mwingine, akawauliza kila wimbo ulioorodheshwa uliimbwa kwa nani na nani aliujibu. Nyimbo mbili zilifutwa. Moja ilifutwa kwa sababu ambayo hao watatu walikataa kumwambia, wakacheka tu.

Watu waliinuka mapema. Sinia likajaa taratibu, upinde haukusimama. Mama mmoja alifika mbele, akapepea noti yake, akageuka kumtazama mtu. Bibi akamnyooshea sinia bila neno, akatia, akarudi kukaa. Fumbo halikuondolewa, na sidhani kama linaweza kuondolewa kwenye taarab. Lilipoteza njia ya kupitia kwa mtoto.

Pesa ilikuwa chini ya ile ya Idd tatu. Ilitosha kununua seti kadhaa za nyuzi na kulipa fundi aliyegundisha ubavu wa fidla uliokuwa umeachia. Kila mtoto alipata fungu dogo. Kati ya wanne walioondoka, wawili walirudi. Mmoja hakurudi kwa kuwa familia ilimhamishia chuo cha mbali, na mmoja mama yake alisema wazi kwamba hataki mwanawe katika mambo ya pesa, yawe ya sinia au ya mkono.

Mama wa binti alibaki, lakini hajaridhika. Anasema mwanawe ndiye anayewainua watu na kisha anagawana sawa na anayetikisa tari.

Uchambuzi

Nianze na kilichoshindwa, maana kina funzo zaidi. Marufuku ilishindwa kwa sababu ilimtaka mtazamaji wa taarab awe mtazamaji wa ukumbi wa aina nyingine. Kwenye taarab, anayesikiliza anaongea kwa kuinuka. Noti ni sehemu ndogo ya maneno hayo. Mwendo, kanga aliyovaa, upande aliogeukia, vyote vinasemwa. Ukimkalisha, umemnyamazisha, na watoto waliokulia kwenye harusi hizo wanausoma ukimya huo kama hukumu. Msichana aliyeuliza kama walikosea Bayati alikuwa anausoma uwanja vizuri kuliko mwalimu wake.

Sinia lilifanya kazi kwa sababu liliiacha ishara na kuondoa mguso. Lakini nisilisifu kupita kiasi. Bila bibi, sinia ni chombo tu. Nimeona darasa lingine likiweka kapu bila mtu wa heshima kando yake, na noti ziliruka kapu zikaenda moja kwa moja kifuani kwa mtoto. Anayetaka kuiga aanze kwa kutafuta bibi.

Mgao wa nusu kwa nusu ulikuwa wa suluhu zaidi kuliko wa haki. Mama wa binti ana hoja: watu waliinuka kwa sababu ya sauti ya mwanawe. Mama wa msichana mwingine naye ana hoja: sauti hiyo ilipata nafasi kwa sababu ya mpangilio. Na hapa ndipo ninapoona chimbuko la mambo yote, mahali ambapo hakuna mtu kwenye kikao aliyepataja mpaka mwishoni. Kwenye taarab, safu ya fidla hupiga wimbo mmoja kwa pamoja, kila mmoja akiupamba kidogo kwa namna yake. Ubeti wa mtoto mmoja mbele ya wenzake saba walionyamaza ni fikra ya onyesho la mwisho wa mwaka, ambako mzazi anataka kumwona wake. Kwa watu wa pale, aliyesimama peke yake mbele ni mwimbaji, na mwimbaji hutunzwa. Mpangilio ulimtengeneza mwimbaji, wao wakamtendea kama mwimbaji.

Kwa hiyo dawa rahisi kuliko zote ilikuwa ya kimuziki. Katika onyesho la tatu fidla nane zilianza pamoja, na beti tatu zikashikwa na watoto watatu tofauti, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja akisindikizwa na fidla mbili kwa sauti ya chini. Noti zilienda kwenye sinia, lakini hata zisingeenda, zingegawanyika zenyewe. Mwalimu mwenye darasa dogo lisilo na bibi wala daftari anaweza kufanya hivi kesho, bila gharama.

Zoezi la karatasi nalo linastahili kuingia katika kila darasa la ala linalotarajia kutoka nje. Tunawafundisha watoto vidole, upinde, na kulinganisha nyuzi, kisha tunashangaa wanapovunjika mbele ya watu, wakati ambapo kusumbuliwa nako kunafundishika. Mpigaji wa nai (filimbi) yuko katika shida ileile ya mikono. Mpigaji tari hana sana, maana anaweza kuikumbatia noti kwa kidole na kuendelea.

Kuhusu kuchagua wimbo: uamuzi wa kupiga wa mtaa badala ya wa kitabuni ulikuwa sahihi na uendelee. Kilichokosekana ni kumwuliza mwenye kujua. Mpigaji anayejifunza sauti peke yake anadhani wimbo usio na mwimbaji hauna maneno. Wasikilizaji wanayo yote vichwani, na historia ya nani alimrushia nani. Bibi alikuwa palepale, viazi mkononi, kila siku ya mazoezi.

Lililobaki

Binti sasa amerefuka na fidla ya nusu imembana kiwiko. Anahitaji ya robo tatu, na zilizopo zote zina wenyewe. Mama yake anasema mfuko wa sinia ndio unaopasa kununua, kwa sababu mwanawe ndiye aliyeujaza. Wazee wawili wanasema kanuni ni nyuzi na matengenezo, na kwamba zile 60,000 za Idd tatu zingetosha kuanzia. Mwalimu anataka fidla inunuliwe iwe ya darasa, apewe binti mpaka imwie ndogo, kisha imwendee mwingine. Daftari liko kwa bibi, na kikao kimewekwa baada ya Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani.